Gitaa Lako Limeacha Kuvuma, Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Baba, si Mama, wala Winfrida ninayekaa naye dawati moja. Najua kupiga gitaa lako.

Sisemi najua kidogo. Najua. Nyimbo za kwaya ulizokuwa ukipiga nimezitafuta moja moja mpaka nikazipata, na ile ya mavuno, ambayo vidole vyako vilikuwa vinashuka mpini mzima kama mtoto anayekimbia mteremko, naipiga nikiwa nimefumba macho. Hakuna aliyewahi kunisikia kwa sababu nilikuwa sijalichomeka kwenye umeme. Gitaa la umeme bila umeme linanong'ona tu, wewe unajua. Mama akiwa shambani na Baba yuko kazini, nakaa kwenye chumba kilichokuwa chako, nabana shavu kwenye ubao wake, na sauti inapita kwenye taya mpaka sikioni. Aliye sebuleni hasikii kitu. Mimi nasikia kanisa zima.

Unakumbuka siku ulipolileta? Nilikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni nikichoka njiani. Ulikuwa muuguzi kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Mkongomani mmoja mpiga solo, uliyemuuguza mguu, alikuwa anahamishiwa nchi za baridi na hakuweza kulibeba. Ulipenda kumuigiza: "Iko na makelele, mama, lakini iko na roho." Ukalichomeka kwenye spika pale kanisani Kitanga, na kabla hujagusa uzi hata mmoja ule mvumo ukatoka. Mmmmmm. Nikatoka mbio nikidhani nyuki wameingia ndani ya spika. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Halafu ukasimama, ukaanza kugeuka na gitaa begani, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio kwa mwili wake. Ukitazama madhabahu, mvumo unapanda. Ukitazama mlango, unapanda zaidi. Ukitazama dirisha la kushoto, lile la kwenye migomba ya mchungaji, unashuka, unashuka, unabaki kidogo tu kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Hapo," ulisema. "Mwana wanje, mwanangu, njoo usikie. Hapo."

Ukanionyesha vile vipande vitatu vilivyokaa chini ya nyuzi. Mafundi wanaviita pikapu, ulisema, na kila kimoja kina sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko mingi isiyohesabika. Kazi yake ni kusikia chuma cha uzi kikitikisika. "Ila hana adabu huyu. Anasikia kila kitu, mpaka umeme unaopita ukutani. Bahati nzuri kuna upande mmoja ambao sikio lake ni zito." Nililitazama gitaa lile kama mtu anavyotazama mgeni aliyekuja na siri. Kitu kinachosikia umeme ndani ya ukuta! Siku nyingi baadaye nilikuwa naweka sikio langu kwenye swichi ya jikoni, mpaka Mama akanifukuza na mwiko.

Basi ukawa unapiga ukiwa umewapa watu mgongo, na watu nao hawakukosa maneno. Mama mmoja wa kwaya alisema ni upako, hutaki kutazama vya dunia unapomwimbia Mungu. Mzee wa kanisa akasema, "Upako gani? Anatudharau tu huyu, kisa amesomea uuguzi." Wewe ukaendelea kupiga. Na ule mkutano wa kwaya wa Kibondo, Shangazi! Mwaka uliofuata baada ya watu kukusikia pale, kwaya ya Gwarama ilipanda jukwaani na mpiga solo wao akageuka, akatazama ukuta. Ya pili nayo, solo na besi wote, ukutani. Magitaa yao hayakuvuma hata kidogo. Walidhani ndiyo namna ya kupiga vizuri. Ulijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, ukaniambia, "Usicheke kwa sauti, Naomi, tutafukuzwa," na wewe ndiye uliyekuwa unacheka.

Nilikupenda sana siku ile. Sikuwahi kusema.

Sasa kwaya inarekodi. Tangu tulipokuzika hawakuwa wamepiga nyimbo zako, lakini Mwalimu Bukuru, mwalimu wa kwaya, aliamua kwamba zisipowekwa mahali zitapotea. Fundi mitambo akaja kutoka Kasulu mjini na kompyuta yake, akavaa vile vifaa vya masikioni vikubwa kama vikombe vya uji, akachomeka gitaa lako. Akavivua.

"Friji nani kaliwasha?"

"Si friji," alisema Mwalimu Bukuru, "ni gitaa la marehemu."

"Marehemu apumzike salama, lakini hiki kitu sikiingizi kwenye rekodi. Badilisheni pikapu, au solo ipigwe kwa kinanda."

Kwa kinanda! Ile ya mavuno, kwa kinanda! Nilimwona Baba, kaka yako, amekaza mdomo. Tulipofika nyumbani akanipa simu yake. "Naomi, wewe si unasomeshwa kwa Kiingereza huko? Tafuta humo. Pikapu ipi haivumi. Utakayosema ndiyo nitakayoagiza." Akaenda zake kuoga, kana kwamba amenituma chumvi.

Nilikaa kibarazani. Nilisoma kwa Kiingereza nikarudia kichwani kwa Kiswahili, maana kuna mambo siyaelewi mpaka niyasikie kwa lugha uliyokuwa unanifundishia. Nikakuta hivi. Pikapu zako kila moja ina koili moja, yaani bunda moja la waya. Kuna nyingine zina koili mbili. Ya pili imezungushwa kinyume cha ya kwanza. Umeme wa ukutani unazigonga zote mbili kwa pamoja, lakini moja inautoa ukipanda na nyingine inautoa ukishuka, na zikikutana kwenye waya mmoja mvumo unajifuta wenyewe. Nikajiuliza, na sauti ya uzi je, si nayo itajifuta? Hapana, Shangazi. Kwa sababu kwenye ile koili ya pili na sumaku nayo imepinduliwa. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, kwa hiyo inarudi ilivyokuwa, na zile sauti mbili zinajumlishana. Kelele inakufa na wimbo unaongezeka, kwa kitendo kimoja.

Niliweka simu mapajani. Kuna mtu, sijui ni nani, alikaa mahali akawaza jambo kama hilo, na mahindi ya jirani yalikuwa yanatikisika vilevile kama siku zote.

Nikamweleza Mama, aliyekuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo waya mmoja unazungushwa huku, mwingine unazungushwa kule?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ndicho unacholilia?"

Kumbe nilikuwa nalia.

Lakini kuchagua ni kazi nyingine. Zile za koili mbili za kawaida ni pana, haziingii kwenye matundu ya gitaa lako. Fundi Maiko, yule wa redio pale stendi, alisema hakuna shida, ubao unachongwa chap. Baba akamwambia, "Chonga goti lako." Nami sikutaka, si kwa ajili ya ubao tu. Nilisikiliza sampuli zake kwenye simu, kwa kile kisikilizio changu kinachosikika upande mmoja. Sauti yake ni nene, tamu, lakini kama mtu anayeimba ana uji mdomoni. Yako ilikuwa inalia kama kijiko kwenye glasi. Wengine mtandaoni walishauri ubakize zilezile za zamani, upake tu mambo ya foili ndani ya ubao. Nikasoma zaidi nikaona foili inapunguza ile kelele ya kukwaruza, huu mvumo wenyewe inauacha.

Ndipo nikakuta zile ambazo koili zake zimepandana, moja imekaa juu ya mwenzake. Upana ni uleule wa koili moja. Watu walikuwa wanabishana kweli kweli juu yake, huyu anasema zinapoteza ule ung'avu, yule anasema masikio yako mabovu. Nilisikiliza nyingi mpaka zikaanza kufanana, nikapumzika, nikaenda kuteka maji, nikarudi kusikiliza tena. Moja ilikuwa na kijiko. Si chote, Shangazi, sitakudanganya. Lakini nilipofumba macho nilikuona. Nikafungua skrubu, nikainua lile bamba la plastiki, nikapima kina cha tundu kwa rula ya shule, kwa sababu zilizopandana zinakwenda chini zaidi. Zingeenea.

Sasa hapa ndipo pananiuma, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia. Nilipojua kwamba nimeipata, sikufurahi. Nilikaa na jibu mpaka Baba akaniuliza mara mbili. Kwa sababu nilikuwa nimeshajipangia, Shangazi. Ningekuja kupiga siku moja nikiwa nimetazama dirisha la kushoto kama wewe, na watu wangesema anafuata ya shangazi yake, na hakuna ambaye angeuona uso wangu. Unajua nikitazamwa navyokuwa. Darasani nikiinuliwa kujibu, hata Kiswahili kinanikimbia, sembuse Kiingereza. Gitaa lisilovuma linapigwa popote ulipogeukia. Mpigaji wake hana sababu ya kugeukia ukuta. Ule mvumo waliouita friji ulikuwa pazia langu, na nimepewa mkasi niushike mwenyewe.

Ningeweza kumwambia Baba hazipo. Angeniamini. Lakini nilifikiria ile ya mavuno ikitoka kwenye kinanda, plin plin plin, nikamwonyesha kwenye simu. "Hii hapa, Baba."

Na wewe je? Ulikuwa unatafuta tu mahali ambapo mvumo unashuka? Au na wewe uliona raha kutotazamwa, wewe muuguzi uliyechoma sindano watu wa kila taifa bila mkono kutetemeka? Natamani ningekuuliza.

Pikapu zilikuja na basi kutoka Mwanza. Leo asubuhi Fundi Maiko amezilehemu palepale kanisani, kwaya imemzunguka kama anapasua mtu. Akachomeka. Akawasha.

Kimya.

"Haijawaka," alisema Mwalimu Bukuru. Fundi akatikisa kebo. Akaongeza sauti. Akaongeza tena mpaka mwisho. Kimya. Akatazama soketi, akasema umeme umekatika.

"Na taa hiyo juu yako inawaka kwa nini?" aliuliza mama mmoja wa sauti ya tatu.

"Umeiunguza, kijana," alisema mzee wa kanisa, kama aliyekuwa anaingojea. Fundi Maiko akaanza kutokwa jasho. Mimi nilikuwa mlangoni, na nilijua. Nywele za mikono zilinisimama. Hatukuwahi kulisikia gitaa lile likinyamaza, hakuna aliyejua ukimya wake unafananaje. Nikataka kusema, lakini wote wangenigeukia.

Ndipo Baba, ambaye hajui hata kushika gitaa, akaliinamia akalivuta uzi kwa dole gumba.

Shangazi! Madirisha yalitikisika. Akina mama wa sauti ya kwanza walipiga kelele, watoto waliokuwa wanachungulia wakatimka mpaka migombani, na fundi akarukia ile swichi ya sauti kama anazima moto. Na sauti ile ikaendelea kuning'inia juu, peke yake, safi, haina kitu chochote chini yake. Baba alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mwalimu Bukuru alivua kofia. Sauti iliisha yenyewe, na ilichukua muda.

"Ni yeye," alisema Baba.

Baadaye wakajadili nani apige. Mwalimu Bukuru amemwita yule kijana wa Gwarama, yule aliyetazama ukuta. "Tufanyeje?" alisema. "Ukoo huu ulikuwa na mmoja tu." Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nikainama nikafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Baba amelileta nyumbani apate chakula kwanza, halafu analipeleka kwa kijana huyo, anayemsubiri kanisani. Ameliegemeza hapa chumbani kwako pamoja na spika ndogo. Nami nimefunga mlango, na kwa mara ya kwanza nimelichomeka. Nimeligeuza kuelekea ukutani, dirishani, kwenye kioo chako, mlangoni. Masenge wangu, shangazi yangu, ni kimya pande zote. Nimezunguka mpaka kizunguzungu kikanishika, na kila nilikogeukia nilisikia tu jogoo wa jirani na moyo wangu. Hata sasa naandika limelala mapajani, linasubiri.

Baba amemaliza kula. Nimesikia sahani. Pumzika, Shangazi, na uniwie radhi kwa mwandiko. Nilitaka kukuaga vizuri zaidi ya hivi, lakini ndala zake ziko kibarazani, anakohoa, anauliza Mama gitaa liko wapi. Karatasi hii inakwenda chini ya godoro. Nimegeukia mlango, na mkono wangu wa kushoto uko pale wimbo wa mavuno unapoanzia.

Mtoto wa kaka yako