Siku Hizi Nyota Zinazaliwa Chache

Mutoto wangu Fortunée,

Salamu zako kutoka Afrika Kusini zimetufikia. Huku Kalemie ziwa limepanda tena, na samaki wa ndagala ni haba.

Mudogo wako Syntiche alijifungua Jumapili. Damu ilikataa kukatika. Hatunaye tena, wala mutoto.

Papa yako hali chakula. Anasikiliza tu ule ujumbe wako wa simu, unapoeleza kwamba kwa antena zenu za redio munafuatilia jinsi nyota zilivyozaliwa tangu zamani za kale, na kwamba siku hizi zinazaliwa chache. Jana akasema, "Kumbe hata huko juu kuzaa kunaisha."

Tulipatana uje kujifungulia kwangu. Usije, mama. Jifungulie huko huko kwa wageni. Mimi siwezi kuzika tena.

Mama yako anayekulilia,
Bertille