Kiroboto Haendi Popote

Jumamosi, 9 Agosti

Leo mbwa wetu Kiroboto amemuuma mtoto Mapengo. Mguuni, juu kidogo ya kisigino. Damu imetoka tone moja, lakini damu ni damu. Mbwa mwenyewe mdogo kuliko mkoba wangu wa sokoni, meno kama punje za mchele, na bado tulipiga kelele watu watatu kwa pamoja.

Nilikuwa nimemaliza kusuka upande mmoja wa kichwa. Mapengo kakaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, anajipindapinda kama kawaida yake, maana ngozi yake laini, ukiigusa tu analia. Mara mbwa kachomoka chini ya meza. Nesi, mama yake, alikuwa kwenye benchi anasubiri. Alimnyakua mtoto, akamwosha mguu kwa sabuni hapo hapo kwenye karai langu, muda mrefu, bila kuniangalia. Nikamwonyesha cheti cha chanjo ya mbwa. Akakisoma mbele na nyuma. Akasema, Mama Kitinda, chanjo haizuii meno. Wakaondoka. Mtoto wa watu ametoka kwangu nusu kasukwa, nusu nywele zimesimama.

Ni wa tatu huyu. Wa kwanza alivutwa soksi tu, tukacheka. Wa pili alifinywa kidole, tukasema ni mchezo. Huyu si mchezo.

Jumapili, 10 Agosti

Mama mwenye nyumba amekuja. Hapa uani tunamwita Serikali, kwa sababu akishasema hakuna rufaa. Hakukaa. Kasema mbwa aondoke kabla ya Jumapili ijayo kwisha, la sivyo tuondoke naye. Nikasema, nimekusikia Mama. Akasema, sikuja usikie, nimekuja ufanye.

Baba Kitinda anasema kuna mlinzi wa ghala kazini kwao anataka mbwa. Atamfunga mnyororo getini. Nikamuuliza, mbwa wa ukubwa huu alinde nini, panya? Akacheka, halafu akaacha kucheka. Mke wangu, nyumba au mbwa, chagua. Nikasema, vyote viwili. Sijui neno lile lilitoka wapi. Lakini limeshatoka, silirudishi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya mkoba, kichwa nje kama kitunguu. Kamkagua masikio, meno, tumbo. Mzima. Kasema kabla mbwa hajauma huwa kuna jambo, tazama ni jambo gani. Na mpaka ulijue, watoto huku, mbwa kule, mlango katikati.

Basi nimemfungia chumbani. Kalia asubuhi yote. Wamekuja wateja wawili. Wa tatu mama yake kasikia ile sauti, kamgeuza mtoto mlangoni. Eti watarudi. Hawarudi wale, nimeujua mgongo wake.

Jumanne, 12 Agosti

Bombani wanawake walinipa mgongo nilipofika. Nikajaza ndoo polepole, makusudi. Mmoja akasema, kuna watu siku hizi wanapenda wanyama kuliko watoto wa wenzao. Nikamwambia, nimezaa wanne, na hawa wa kwenu wote nimewasuka mimi, hakuna ambaye hajasinzia mapajani mwangu. Nikajitwika ndoo nikaondoka shingo wima.

Nilipofika ndani nikakaa kitandani nikalia. Maana na mimi ni mama. Angeumwa Kitinda wangu, tena usoni, ningesema nini?

Ila kumtoa — hapana. Baba Kitinda anadhani ni huruma. Si huruma. Mimi nimelelewa na shangazi watatu. Nikivunja sahani, nahamishwa. Nikikojoa kitandani, nahamishwa. Shule imeniishia darasa la nne kwa hizo hamahama. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini akauliza, huyu mtoto ana nini. Basi kwangu hahamishwi mtu kwa kosa. Wala mbwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeliona jambo lenyewe.

Namenya viazi mlangoni. Kiroboto nimemtoa chumbani apumue kidogo, nimemfunga kamba ndefu kwenye mguu wa meza. Kitinda anamsuka mdoli wake, kambana katikati ya magoti, kama mimi vile vile. Mara kachukua kitana changu, kagonga nacho kigoda mara mbili, ko ko, kasema, tulia wewe, nikusuke kichwa au nikusuke shingo? Maneno yangu hayo. Na sauti yangu. Hajamaliza kusema, mbwa kamrukia mdoli, kamng'ata mguu, kamwachia. Halafu kageuka anamtazama Kitinda, mkia unacheza.

Nikasema, anangoja nini huyu? Kitinda akanishangaa mimi. Anangoja ganda la mkate, Mama. Si huwa unampa.

Nikaweka kisu chini.

Ni kweli tupu. Yule wa soksi: niligonga kitana, mbwa akavuta, mtoto akatulia kama maji ya mtungi. Nikasema, jamani nimepata msaidizi, nikamrushia ganda la mkate. Benchi zima likacheka, Nesi akiwemo. Serikali mwenyewe alikuwa anapita, akasema huyo aajiriwe. Tangu hapo nimemrushia mara ngapi? Hata watoto wakirukaruka tu, nagonga, anawafuata miguu, nacheka, namrushia. Mbwa wa watu hajui kama ana kosa. Yuko kazini.

Na huku kugonga ni kwa shangazi wa pili, ndiye aliyenifundisha kusuka. Miaka yote mkono unagonga, mimi hata sina habari.

Baba Kitinda nilipomweleza akasema, kwa hiyo tumshtaki kitana? Nikasema, mshtakiwa ni mimi na benchi lote. Akasema, nenda kamwambie Serikali hivyo. Alidhani siendi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeanza kwa Nesi. Nimemweleza yote, na kugonga, na mkate. Akasikiliza mikono kiunoni. Akasema, kwa hiyo mwanangu kaumwa kwa amri yako. Nikasema ndiyo. Na unakuja kuniambia kwa mdomo wako? Nikasema, nimtume nani, mbwa?

Hakucheka. Na hana sababu ya kucheka, mguu ni wa mwanawe.

Mapengo akatoka nyuma ya pazia, kajifunga kitambaa. Kakifungua. Upande wangu umelala vizuri. Upande wa pili Nesi kajaribu mwenyewe, maskini, kama kiota kilichopigwa na upepo. Shule Jumatatu. Mtoto akasema, Mama, mimi nataka anisuke Mama Kitinda. Wewe unaumiza kuliko mbwa.

Hapo Nesi akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanacheza. Alipogeuka tena kakaza uso: nitamleta Jumapili, mbwa afungiwe chumbani.

Nikaenda kwa Serikali. Yeye kasema kinyume. Mbwa wa kufichwa chumbani ni mbwa anayeuma, mimi nataka nimwone kwa macho yangu, watoto wapo na yeye yupo. Akisogea, Jumapili hiyo hiyo mnafunga mizigo. Ikabidi nirudi tena kwa Nesi. Tumebishana mpaka maziwa yake yakamwagika jikoni. Mwisho kakubali: kamba fupi, ukuta wa mbali, na Baba Kitinda aikanyage. Nami nimekula kiapo, mbwa akinyanyuka tu mtoto anatoka kwanza, maneno baadaye.

Jumamosi, 16 Agosti

Wateja leo nimewarudisha wote. Tumeshinda na Kiroboto, mimi na yeye. Nagonga kitana. Akiinuka, hapati kitu. Akilala, anapata mkate. Mwanzo alikuwa ananiangalia kama mtu aliyepunguziwa mshahara. Jioni kalala mara nne mfululizo, ya tano kabweka.

Siku moja haimfundishi mbwa. Na mimi ndiyo kabisa — nikimchana Kitinda nimegonga bila kujijua, mbele ya Baba Kitinda. Akasema, mke wangu, tunamfunga kamba yupi?

Jumapili, 17 Agosti

Naandika mbiombio, Mapengo kaenda kunywa maji.

Wamekuja wote. Nesi kwenye benchi, Serikali pembeni yake, mkoba mapajani. Baba Kitinda ukutani, kakanyaga kamba kwa miguu miwili, kavaa viatu vya kazini. Kiroboto kalala, masikio juu. Nimekifumua kile kiota cha Nesi nikaanza upya. Kitana nimekikalia, nagawa nywele kwa vidole. Mistari minne imekwenda vizuri. Wa tano ni nyuma ya sikio, na Mapengo akaanza kujipinda. Mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta kitana. Nikaukunja ngumi. Nikamwambia mtoto, inauma, najua, pumua kwanza. Mbwa kaniangalia. Sikufanya kitu. Kalaza kichwa tena.

Ndipo Serikali akachukua kitana kingine pale mezani. Kakinyanyua juu ya benchi. We mtoto, hebu —

Nimemshika mkono. Mama mwenye nyumba, mtu mzima, nimemkamata mkono mbele ya watu! Na sikumwachia mpaka vidole vilipofunguka na kitana kikaanguka kwenye mkeka, bila sauti. Samahani sikusema. Nilisema, Mama, hapa kwangu hatugongi tena.

Sasa Baba Kitinda anatazama viatu vyake. Nesi kajifunika mdomo, sijui kama ni kicheko. Serikali anautazama mkono wake, halafu mimi, halafu mkono. Hukumu hajatoa. Hajainuka pia.

Mapengo karudi, kidevu kinachuruzika maji. Kajikalisha mwenyewe kwenye kigoda, kaniegemezea kichwa. Mistari mitatu imebaki. Kama ni kuhama, angoje nimalize kichwa cha mtoto.