Mama Hataki Kupoteza Siku

Jumapili, jioni

Tangu daktari amwambie siku zake ni chache, Mama anasema hatapoteza hata moja. Leo nilikuwa namkanda miguu uani, akanitazama kwa utulivu kabisa.

"Kati yako na dada yako, ningechagua abaki yeye. Sikutaka kufa bila kukwambia."

Dada alifariki tukiwa wadogo. Mimi ndiye niliyefunga saluni yangu Songea mjini nikaja huku Maposeni kumuuguza Mama.

Nikaendelea kumkanda. "Nimekusikia, Mama."

"Hulii?"

"Hapana."

Akaomba uji. Nikamwambia moto umezimika, ilhali sufuria ilikuwa inachemka jikoni.

Amelala na njaa. Nimemwibia jioni moja kati ya chache alizobakiwa nazo, na bado sijajuta.