Maharagi Yaliyokuwa Maua Bado

Mjukuu wangu Furaha,

Wengi hukosea kwa kuuliza kadi ipi ni nzuri kabla ya kuuliza pesa zenyewe ziko wapi. Hapa Masisi mimi koko wako ni mzima, na shangazi yako amejifungua msichana. Barua yako ya kuniuliza utumie kadi ipi nimeisoma mara tatu: kadi ya debi hukata pesa zako papo hapo, ya kredi hutumia za benki, nawe unazirudisha mwisho wa mwezi. Ajabu! Ningependa kuziona kadi hizo.

Nilipokuwa msichana nilishuka mjini Sake kununua chumvi. Mwenye duka akanionyesha kitenge.

"Chukua tu, dada. Utalipa maharagi kwa mavuno."

Nikapanda mlima nikiimba. Mama akauliza, "Umelipa na nini?"

"Na maharagi yetu."

Akacheka. "Ile ya mu shamba? Mutoto, ile iko maua bado!"

Mvua ikazidi, mavuno yakawa haba, na kilichoshuka Sake kulipia kitenge kilikuwa kikapu chetu cha mbegu. Mama hakunigombeza. Tulikwenda pamoja kuomba mbegu kwa jirani, mimi nikiwa nimevaa kitenge changu kipya.

Mwenye duka hakunidanganya. Baadaye nilichukua tena kredi kwake, lakini maharagi yakiwa yameshaanikwa uani. Kwa hiyo ningekuwa wewe, mkate na nauli ningelipia kwa debi, na kredi ningeigusa tu pesa zikiwapo tayari.

Leo fungua akaunti yako, uone kama pesa za kulipia vitu ulivyokwisha kununua kwa kredi zimo.