Mtandao wa Zamani wa Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nikuulize hali yako, hali ya shemeji, na hali ya wapwa wangu ambao nasikia sasa wananipita kimo. Huku tupo. Mama anakula, ingawa anachagua. Miguu bado inavimba jioni na ngazi amezisusa kabisa, kwa hiyo kitanda chake nimekishusha sebuleni, kando ya dirisha la barabarani, anapowatazama wapita njia na kuwatoa kasoro mmoja mmoja. Daktari hajabadilisha maneno yake: moyo umechoka, tumtunze, tusimhangaishe. Mimi mzima. Nakwenda kazini, narudi, napika, nalala.

Ujumbe wako niliupata. Unasema simu za nyumbani zimerudi kuwa mbovu, mnaongea mkigongana maneno, na kwamba ni aibu fundi wa mtandao kutengenezea mji mzima akashindwa kwa mama yake. Sikukujibu kwa simu kwa sababu mama hutaka nimsomee kila kinachoingia na kutoka kwako, na mimi kumdanganya usoni siwezi. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Ngoja nianzie kazini. Miezi michache iliyopita daktari wa meno, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja ofisini amekunja uso. Alisema akipima kasi ya intaneti yake inapendeza, lakini akiongea na mtu kwa video, sauti inafika wakati mwenzake ameshahamia habari nyingine. Bosi akataka kumuuzia laini kubwa zaidi. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Bi Nyaya kwa sababu hakuna waya asioujua, akasema laini haina kosa, kosa lipo kwenye foleni.

Alikuwa sahihi. Kila kinachopita kwenye mtandao hukatwa vipande vidogo, na vipande hivyo hupanga mstari kwenye kile kisanduku cha ukutani kabla ya kutoka. Waliotengeneza visanduku waliona huruma kutupa kipande chochote, wakaviwekea nafasi kubwa ya kungojea. Sasa mtu mmoja akituma mzigo mkubwa, mstari unakuwa mrefu, na neno dogo kama “haloo” linasimama nyuma kabisa kungoja zamu. Dawa yake ni kutoruhusu mstari urefuke. Unakataa vipande vichache mapema, anayetuma anaelewa na kupunguza mwendo, na wenye mizigo midogo wanapata njia yao. Tukamfanyia hivyo daktari wa meno, akapona siku hiyo hiyo. Bosi akaniagiza nizungukie wateja wote.

Nikasema basi nianze na nyumbani. Unamkumbuka mpangaji wa chumba cha uani, mpiga picha wa harusi? Kumbe kila mama anapoongea na wewe, yeye anatuma video za harusi za watu kwa mtandao huu huu. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, kwa hiyo miaka yote hii sauti ya binti yake ilikuwa inapanga foleni nyuma ya mabibi harusi? Nikamwambia ndivyo. Akasema angalau iko kwenye shughuli za heri.

Nilirekebisha kisanduku asubuhi, mchana wewe ukapiga simu. Naamini unaikumbuka simu hiyo, maana wewe mwenyewe ulisema ni kama umekaa kwenye kochi letu. Ulimsimulia mama jinsi mwanao mdogo alivyojifungia chooni shuleni, mkacheka pamoja. Sikumbuki lini mara ya mwisho nyinyi wawili mlicheka kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo mmoja alikuwa anamaliza ndipo mwingine anaanza.

Kisha mama akakuuliza swali lake. Unalijua, anakuuliza kila mara tangu tumzike baba na wewe ukaondoka: utakuja lini nikuone? Ukanyamaza.

Dada, nilikuwa nimekaa pembeni na kompyuta magotini, naangalia kwenye skrini mstari unaoonyesha kuchelewa kwa sauti. Ulikuwa umelala chini kabisa. Hakukuwa na foleni. Tulikusikia ukivuta pumzi, tukasikia kijiko kikigonga kikombe huko jikoni kwako. Ndipo ukasema tutaona, mama, kazi zimebana.

Zamani ukinyamaza hivyo nilikuwa namwambia mama ni mtandao, naye alikuwa anakubali. Siku ile nikafungua mdomo niseme tena. Akanitazama, akasema taratibu, “Si umeutengeneza, mwanangu?”

Ulipokata simu hakulia. Aliniomba nimgeuzie mto. Siku zilizofuata alikuwa akikuona unapiga anasema amechoka, nikwambie amelala. Watu wa dirishani hakuwatoa kasoro tena.

Halafu asubuhi moja, nikiwa namvalisha soksi, akasema, “Nirudishie mtandao wangu wa zamani.”

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza upya, nikamwambia huu ni bora, watu wanatulipa ili tuwawekee kama huu. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza madaktari. Kisha akasema ule wa kwanza alikuwa amekwisha kuuzoea. Wewe ukinyamaza, alikuwa anajua jibu zuri liko njiani linakuja. Huu mpya haumwachii mahali pa kusubiria.

Kwa hiyo, dada, simu za nyumbani sikushindwa kuzitengeneza. Nimeziharibu mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu mama aliniomba. Nilifuta nilichokiweka, nikamvisha soksi ya pili, nikaenda kazini. Huko bosi alinisifu mbele ya wote kwa wateja niliowatengenezea. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikiwatazama, sikusikia chochote moyoni, si furaha, si uchungu. Mpaka leo niko hivyo.

Jumapili mliongea tena. Mlikatizana maneno mwanzo hadi mwisho, akakuuliza swali lake, na pengo lilipokuja akafumba macho, akangoja kwa raha zake.

Sikuandikii ili uone haya ukate tiketi. Sababu zako sizijui na sijawahi kuziuliza, labda hilo nalo ni kosa langu. Ninachoomba ni kwamba kama jibu lako ni hapana, usimpe yeye. Nipigie mimi kazini, mchana, nitalibeba. Na kama ni ndiyo, usingoje sana.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Siku ile uliponyamaza, jambo la pili aliloniuliza, baada ya mto, ni kama nimeisikia sauti yako imekonda, na kama una mtu wa kukupikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti