Upanga Mzito wa Tata

Shuleni, Kyerwa
5 Oktoba 2024

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na upepo wa juzi haukuangusha migomba. Mimi ni mzima, ila mtihani wa kidato cha nne unaninyima usingizi. Umebaki mwezi mmoja na siku chache.

Nina ombi, na tafadhali usinicheke. Huku simu haziruhusiwi, na shujaa wangu wa mchezo yuko ndani ya simu niliyokuachia. Najua unaufungua kila jioni ili kikosi changu kisinifukuze, Mungu akubariki. Kabla ya tarehe kumi mhunzi wa kwenye mchezo atatoa panga mbili, mmoja mwepesi na mwingine mzito. Chagua mwepesi. Nimekusanya chuma miezi minane, na ukishachagua hakuna kubadilisha.

Upanga mwepesi unataka vidole gumba viwili: cha kushoto kinamtembeza shujaa, cha kulia kinapiga harakaharaka. Ule mzito ni wa wavivu. Unabonyeza mara moja, shujaa anasimama palepale akiuinua taratibu, na maadui wanammaliza. Tarehe ishirini tunavamia Lango la Shaba; utanichezea wewe, na wenzangu wananitegemea.

Barua hii anakuletea Polikarpi, yule anayeuzia shule maharage. Anakuja kila Jumamosi.

Mwanao,
Mackrine

Ihembe
11 Oktoba 2024

Mackrine mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na migomba haijambo. Usishangae mwandiko, anaandika jirani yetu Celestina, maana miwani yangu imepotea.

Nimekwenda kwa huyo mhunzi wako. Miaka thelathini nafua mapanga na miundu hapa Ihembe, sijaona mtu anayegonga chuma kilichopoa akitegemea kinyooke! Ningemnyang'anya nyundo.

Nimesoma sifa za panga zote mbili, nikachagua ule mzito. Usikasirike. Soma vitabu vyako, mambo ya huku niachie mimi.

Tata wako

Shuleni
12 Oktoba 2024

Tata,

Shikamoo. Sina salamu ndefu, Polikarpi anashusha magunia na ana haraka. Miezi minane, Tata! Niliandika mwepesi. Kwa nini umenifanyia hivi?

Mackrine

Shuleni
19 Oktoba 2024

Tata wangu,

Shikamoo. Leo Polikarpi amekuja bila barua yako. Nimemuuliza kama amekuona, akasema amekuona, kisha akajifanya anahesabu magunia.

Hasira zimekwisha, sasa naogopa. Wewe ndiye unayewaambia wateja kwamba panga zito linaumaliza mkono wa mkulima. Watu wanatoka Kihanga kufuata mapanga yako kwa sababu ni mepesi. Leo hii unachagua upanga mzito? Na kama miwani imepotea, ulisomaje sifa zake kwenye kioo cha simu?

Upanga mzito unatumika kwa kidole kimoja. Tata, mkono wako wa kulia una nini?

Jumamosi ijayo nataka barua ya mwandiko wako. Nisipoiona, napanda gari la Polikarpi narudi nyumbani, na mtihani waufanye wenzangu.

Mwanao,
Mackrine

Ihembe
25 Oktoba 2024

Mackrine,

Naandika mwenyewe. Leo ni siku ya tatu ya barua hii.

Mkono ulikufa ganzi mwezi wa nane. Nyundo ikaanguka. Daktari kasema kiharusi kidogo. Nameza dawa. Nafanya mazoezi. Vidole viwili vimeamka.

Nilikuficha. Mama yako alipougua uliacha shule ukapoteza mwaka. Niliogopa hilo kuliko kiharusi.

Celestina ananipikia. Theoneste wa jirani anahudumia migomba. Sijakosa kitu.

Baki mwanangu. Ukibaki usinijibu. Kalamu ni ya mtihani. Polikarpi akirudi bila wewe na bila barua nitashukuru.

Tata

Ihembe
27 Oktoba 2024

Mackrine mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Anaandika Celestina, na miwani iko puani pangu. Haikuwahi kupotea.

Jana nilisimama barabarani tangu saa nane mchana. Gari likatokea. Nilitazama kiti cha mbele, nikatazama nyuma kwenye magunia matupu. Hukuwemo. Nikaanza kushukuru, ndipo Polikarpi akanipa bahasha yenye mwandiko wako. Nilijua tu unanieleza kwamba umeacha shule. Niliifungua kwa meno.

Tupu! Nikaitikisa, nikachungulia ndani, Celestina naye akachungulia. Binti mjeuri wewe. Nilicheka palepale barabarani mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Sasa nikwambie habari za Lango la Shaba. Tarehe ishirini niliingia. Niliwaandikia wenzako kwamba mimi ni baba yako, nina kidole gumba kimoja tu kinachofanya kazi, na upanga wangu unachelewa. Nilidhani watanifukuza. Wakanizunguka. Maadui walikuja kutoka kila upande, na wenzako wakawazuia mpaka shujaa wako akamaliza kuuinua. Pigo moja, lango chini. Nilipiga kelele mpaka Theoneste akaja mbio na panga akidhani nimevamiwa.

Fanya mtihani wako kwa amani. Barua hii imeandikwa na Celestina, ila jina hapo chini ni la mkono wangu wa kulia. Limechukua muda, naye amekaa kando yangu akisubiri, wala hakunihimiza.

Tata