Mtoto Chako Kikubwa

Doha, Ijumaa usiku, 2014

Nimemfundisha mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Tosan, mchumba wangu Mnaijeria, leo kaniposa kwa mama yangu, kwa simu. Tulikuwa mgahawani Al Sadd, mama yuko Tanga, na tangu mwanzo hataki mkwe mgeni. Kiitsekiri chao hakina ngeli: jina ni lilelile, liwe la mmoja au mia, na maneno yanayolifuata hayavai sare. Kwa hiyo akasema, “Mama, naomba kuoa mtoto chako kikubwa.”

Mimi mnene, lakini kikubwa?

Mama akaniita kwenye simu. “Kiswahili hicho kamfundisha nani?”

“Mimi, mama.”

“Basi olewa naye upesi. Hakuna mwingine atakayemwelewa.”

Sijui kama ni baraka au tusi. Nimeipokea.